Biskuti Kumi na Mbili

Binti yangu alirudi kutoka kliniki ya watoto na karatasi yenye picha ya sahani. Sahani yenyewe imegawanywa: huku bukari, ule ugali wetu, huku maharagwe na samaki, huku mboga za lenga-lenga, pembeni kipande cha papai. Chini ya sahani walichora biskuti tatu za duara, na maelezo ya kuzitengeneza nyumbani: unga wa mahindi, soja iliyokaangwa na kutwangwa, karanga, yai, ndizi mbivu mahali pa sukari. Alinisomea kwa furaha, maana mjukuu wangu anachagua sana chakula.

"Mama, hii ni mwepesi. Tufanye leo?"

Nilimwambia soja imeisha. Haikuwa imeisha. Ilikuwa kwenye ndoo, nyuma ya mlango, na yeye aliiona. Alichukua sufuria, akawasha makaa kwenye mbabula uani, akaanza kukaanga. Soja ikikaangwa hutoa kwanza harufu ya majani mabichi, kisha, ghafla, harufu ya karanga na ya moshi mtamu. Harufu ya pili ilipofika nilipo, niliinuka nikatoka nje ya lango, nikasimama barabarani kama mtu anayesubiri taxi-moto. Binti yangu hajui kisa hiki. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto Kolwezi wakati ule, kwa sababu labda kila mmoja wenu ana chake.

Tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi wa Kampuni ya mgodi, upande wa Manika, nyumba za matofali zilizopangwa mstari kwa mstari, kila mbili zikishiriki ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta wetu alikaa Mama Tshimanga. Jina lake mwenyewe sikulijua. Tulimwita kwa jina la mtoto wake, kama ilivyo desturi. Mumewe na baba yangu walifanya kazi kwenye karakana moja, mumewe akiwa mkubwa wa zamu. Watu wake walitoka Kasai. Babu yake ndiye aliyeletwa kuchimba shaba, na yeye mwenyewe alizaliwa palepale kambini, lakini hayo sikuyajua, wala sikujua kwamba yana maana yoyote. Sisi tulikuwa Waluba wa kaskazini ya Katanga. Kwangu tofauti ilikuwa moja tu: kwao walisema "moyo" wakisalimiana, na kwao kulikuwa na biskuti.

Mama Tshimanga alifundisha kwenye fwaye, nyumba ambamo wake za wafanyakazi walijifunza kushona, kulea na kupika. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali kidogo, na alizungumza juu ya chakula kama padri anavyozungumza juu ya roho. Chakula cha kujenga mwili, chakula cha kutia nguvu, chakula cha kulinda. Mama yangu aliuza chumvi na sabuni sokoni, hakuwa na nafasi ya kwenda kila siku. Siku aliyokwenda ilikuwa siku ya biskuti, na hiyo aliishika kichwani neno kwa neno. Siku nyingine zote zilimpita.

Biskuti zile zilipikwa bila tanuri. Sufuria iliwekwa juu ya makaa machache, mchanga kidogo ndani, sahani ya bati juu ya mchanga, kifuniko, na makaa mengine juu ya kifuniko. Saa kumi za jioni Mama Tshimanga aliita watoto wa nyumba zetu mbili, akatupa kila mmoja biskuti mbili na kipande cha papai. Mbili tu. Ukinyoosha mkono mara ya tatu alikupiga vidole.

"Biskuti inasaidia sahani," alisema. "Haiwezi kuikala pa fasi ya sahani. Mangaribi utakula bukari na majani, unasikia?"

Kisha mambo yakaanza kupungua. Mgodi ulikuwa umebomoka mahali fulani, watu wazima walizungumza kwa sauti za chini, na Kampuni ikapunguza posho. Magunia ya unga yaliyokuja kila mwezi yakawa nusu gunia, kisha debe, kisha karatasi ya kusema unga utakuja. Duka la wafanyakazi lilibaki na viberiti na rangi ya viatu. Mshahara wa Tata, baba yangu, ukachelewa mwezi, miezi miwili, mpaka tukaacha kuutaja. Kwetu tukala mara moja kwa siku, jioni. Hata kwa Mama Tshimanga saa kumi ilipita kimya.

Wakati huohuo nilianza kusikia neno "bilulu." Vijana walipita barabarani wakiimba kwamba bilulu vitoke Katanga, virudi kwao. Kwetu bilulu ni wadudu. Zamani Kampuni ilituma watu wenye pampu mgongoni kupiga dawa ya mbu nyumba kwa nyumba, na siku hiyo tulitoa vyombo nje na kucheza mpaka harufu iishe. Nikafikiri wale wa pampu wanarudi. Nilikimbia hadi kwa Mama Tshimanga kumpa habari njema.

"Mama, banakuya kufukuza bilulu! Mutoe bitu inje!"

Alikuwa anamwosha mtoto kwenye beseni. Aliniangalia muda mrefu, mikono yake imesimama majini. Kisha akasema, "Asante, Numbi. Tutatoa."

Na kweli walitoa. Siku chache baadaye niliamka asubuhi nikakuta magodoro, mashine ya kushona na sufuria zao uani, na Tata Tshimanga akifunga mashuka kwa kamba. Kulikuwa na vijana kama ishirini wamesimama langoni, mikononi vipande vya bomba. Mmoja alikuwa mtoto wa mwimbishaji wa parokia yetu. Familia nyingine za Kasai za mstari wetu zilikuwa zinafunga mizigo vilevile, kwa hiyo nikajua ni likizo ya pamoja, kwamba Kampuni imewapa treni ya kwenda kusalimia babu zao.

"Banaenda ku konje?" nilimwuliza Mama.

"Nyamaza, ingia mu nyumba."

Niliwaonea wivu. Tshimanga alikuwa na miaka mitatu hivi, amebebwa juu ya godoro, juu ya mkokoteni, kama mfalme. Alinipungia mkono. Jioni ile nyumba yao ilikuwa na watu wengine, na kabla ya mwezi kwisha Tata alipewa kazi ya Tata Tshimanga pale karakana. Aliileta habari hiyo nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. Mama hakumpongeza. Mshahara wa kazi hiyo mpya nao haukuja.

Treni nayo haikuja. Walikaa stesheni wiki baada ya wiki, maelfu ya watu, chini ya mashuka na vipande vya karatasi ya plastiki, kando ya reli, na mvua zikaanza. Wa kambini hatukutakiwa kwenda huko. Aliyekwenda aliulizwa njiani anawapelekea nini wageni. Mama alikwenda hata hivyo. Alitwanga soja na karanga za mwisho alizokuwa nazo, akapika biskuti kwa ile njia ya sufuria na mchanga, akazifunga kwa kitambaa, akaziweka ndani ya beseni na kuzifunika kwa makaa, kama mwuza makaa. Alinichukua mimi, kwa sababu mwanamke mwenye mtoto haulizwi sana.

Sikuona huzuni pale stesheni. Niliona watu wanapika nje, wanalala nje, watoto hawaendi shule. Tulimkuta Mama Tshimanga ameketi juu ya mashine yake ya kushona, amekonda, midomo imepasuka. Na mapajani mwake aliketi Tshimanga, amenona. Ndivyo nilivyoona. Mashavu yake yalikuwa mviringo, miguu minene inayong'aa kama imepakwa mafuta, nywele zimekuwa nyekundu na laini kama za mtoto wa mzungu. Alikuwa ananuna tu. Hakunipungia mkono safari hii.

Mama alipomwona aliweka beseni chini na kushika mdomo.

"Tangu siku gani anavimba?"

"Wiki mbili," alisema Mama Tshimanga. "Nilifundisha banamuke mingi kuona hii ugonjwa. Niliwafundisha na picha. Sasa iko mu mikono yangu, na sina hata yai."

Nililishika neno moja: anavimba. Kwetu mtoto aliyekula bukari mpaka tumbo likawa gumu, tunamcheka tunasema anavimba. Kwa hiyo nikaelewa kwamba Tshimanga amekula kupita kiasi, na kwamba mama yake anasikitika juu ya ulafi wake.

Mama alimpa kitambaa chenye biskuti. Mama Tshimanga alikifungua, akavunja moja, akanusa, akaonja punje.

"Umeweka ndizi."

"Njo vile ulisema."

"Njo vile nilisema." Akafunga tena kitambaa, akakirudisha. Kisha akamwinua mtoto na kumweka mapajani mwa Mama, yeye pamoja na kitambaa. "Mubebe. Hapa maji ni ya mufereji. Treni ikikuya ni mawago ya wazi, siku mingi, hawezi kufika. Umupeleke ku dispensaire, useme ni wako. Mi bakinisikia namna nasema jina yangu, banaweza kunifukuza ku njia."

"Na jina yake?"

"Mupatie ya kwenu."

Tata Tshimanga alikuwa amesimama nyuma yetu, na aligeuka akatazama reli. Hakuna aliyelia. Mama alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akalichukua beseni la makaa, tukarudi. Njiani vijana walimwuliza amebeba nini. "Makala," alisema, "na mutoto mugonjwa." Wakatupisha.

Tangu siku ile jina lake lilikuwa Ngoy. Mama alinikalisha kwenye kigoda, akanishika mabega.

"Mutu akiuliza, ni mutoto wa mama mudogo wa Bukama. Ile jina ingine usiite tena. Hata mu michezo. Unasikia, Numbi? Banaweza kumuua."

Nilisema nimesikia. Sikuamini kwamba mtu anaweza kuuawa kwa jina, lakini niliamini uso wa Mama.

Mwuguzi wa zahanati, mama mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliandika Ngoy bila kuuliza neno. Nadhani alijua. Maziwa ya watoto wa namna ile yalikuwa yameisha, alisema, lakini alimweleza Mama la kufanya: uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi, na biskuti ile ya soja iliyolowekwa katika maji ya kuchemsha. Nne kwa siku, zigawanywe. "Hapana bukari. Hapana samaki. Tumbo yake imesahau kazi. Siku utamwona anamaliza nne yote bila kutapika, siku tatu kufuatana, njo utarudi tuangalie chakula ya bakubwa."

Siku kadhaa baadaye tukasikia honi ya treni, asubuhi, na kambi nzima ikatoka nje kusikiliza. Mama alimfunga mtoto mgongoni akakimbia, nami nyuma yake. Mawago, mabehewa ya wazi, yalikuwa yamejaa hadi juu, watu wameketi juu ya mizigo, wengine wameshikilia kando. Mama alipita akiita, lakini hakuweza kuita jina la Tshimanga, kwa hiyo alikuwa anaita tu, "Mwalimu! Mwalimu!" Na mwalimu wa fwaye akasimama katikati ya watu, kwenye wago la tano au la sita, akamwona.

Mama alimfungua mtoto, akamwinua juu kwa mikono miwili. Mikono ya watu ilinyooshwa kumpokea. Mama Tshimanga akapiga kelele, "Hapana! Usimupe! Humu atakufa!" Treni ilikuwa imeanza kusogea. Mama alibaki amemwinua mtoto hivyo, akitembea kando ya wago, na yule mwanamke akimwangalia mwanawe alimpa Mama somo lake la mwisho, kwa sauti ya darasani, akipaza kadiri treni ilivyokazana: "Maji ya kuchemusha! Kidogo kidogo! Akitapika, ungoje, kisha umupe tena! Majani, Mama Numbi, usisahau majani akipona! Biskuti peke yake haitoshe!"

Mtoto hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia. Nilimwona Mama amesimama penye mwisho wa jukwaa, mikono bado juu.

Basi akakaa kwetu. Biskuti zikapikwa kila baada ya siku moja, na mayai Mama aliyapata kwa kubadilishana vitenge vyake kimoja kimoja. Harufu ile ikarudi uani kama zamani za saa kumi, ila sasa mimi sikuitwa. Niliketi kwenye kizingiti, nikamtazama mtoto mnene, mwenye mashavu na miguu ya mtoto wa mkurugenzi, akilishwa biskuti iliyolowekwa, naye anageuza uso. Mimi mbavu zangu zilihesabika. Nilifikiri: huyu anavimba, na bado anaongezwa. Mimi ni mtoto wa nyumba hii, na silambi hata kijiko. Niliwaza kwamba Mama anampenda kwa sababu amenona.

Kisha unga ukaisha kabisa, na Mama akapanda lori la wafanyabiashara kwenda Mutshatsha, kubadilisha kitenge chake cha harusi na unga wa muhogo. Alisema siku tatu. Aliacha biskuti kumi na mbili katika kopo la maziwa, akazihesabu mbele yangu.

"Nne leo, nne kesho, nne siku ya tatu. Unaloweka, unamupa kidogo kidogo. Tata atakuya mangaribi na kitu ya kukula. Weye ni mukubwa, nakuamini."

Siku ya kwanza nilifanya kama alivyosema. Niliiloweka, nikamshika kichwa, nikamwekea mdomoni kwa vidole. Alimeza kidogo, akafunga meno. Nilimsihi, nikamwimbia. Akageuka ukutani. Bakuli likabaki na uji wa biskuti, mzito, wenye ndizi. Niliusubiri upoe. Nikaulamba. Baada ya hapo nilikula ya pili ikiwa kavu, na ya tatu. Tata alirudi jioni na muhogo mmoja wa kuchemsha, tukaugawana.

Siku ya pili nilimlowekea moja, akafunga meno tena, nikaila mimi. Siku ya tatu sikumlowekea hata moja. Aliniangalia nikila. Macho yake yalikuwa wazi, hayakuomba kitu, yalinifuata tu mkono ukienda kwenye kopo na kurudi mdomoni. Nilimgeuzia mgongo nikamalizia hivyo.

Mama alifika alasiri, vumbi limemfunika hadi kope, na unga, na fungu la samaki wakavu. Kitu cha kwanza alifungua kopo.

"Anakula?"

"Anakula yote."

"Yote? Nne kila siku? Hakutapika?"

"Hapana. Alimaliza."

Sijawahi kumwona mama yangu akifurahi vile, kabla wala baada ya hapo. Alicheka, akamwinua mtoto, akazunguka naye chumbani, akalia. Siku tatu kufuatana, bila kutapika! Zahanati ilikuwa imefungwa siku ile, na yeye hakuweza kungoja kesho. Alisonga bukari, akapika samaki kwa mafuta ya mawese na majani aliyoyachuma nyuma ya nyumba, kwa sababu hakusahau majani. Aliketi akamlisha kwa mkono wake, tonge ndogo ndogo, na safari hii mtoto hakugeuza uso. Alikula. Alikuwa na siku mbili bila kitu, nami peke yangu nilijua. Alikula kama anayemaliza kazi. Sikusema neno. Nilipewa sahani yangu nami nikala.

Asubuhi tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, na kuhara kukaanza. Mwuguzi alikuja mwenyewe nyumbani, akamsikiliza kifua, akamwuliza Mama amempa nini. Mama akamwambia. Yule mzee alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaivaa tena. "Umempa mapema, mama," alisema. Siku iliyofuata, jua likiwa juu kabisa, Tshimanga alikufa kwenye mkeka wetu. Uvimbe ulikuwa umeshuka kidogo, na nikaona uso wake halisi, uso mdogo wa mzee. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa mnene.

Tulimzika kwa jina letu. Tata alipigilia msalaba wa mbao za sanduku, akaandika kwa rangi NGOY. Majirani walikuja kumlilia mtoto wa Bukama. Mama alituma barua Kasai kwa mkono wa mfanyabiashara, na kwa miaka hatukujua kama ilifika.

Mama hakupika biskuti tena. Aliendelea kuuza chumvi, akazaa wadogo zangu wawili, akazeeka. Lakini kila mtoto wa mtaani alipougua, alisema maneno yaleyale kwa yeyote aliyekuwa karibu: "Mi njo nilimuua mutoto wa wenyewe na bukari." Watu walimtuliza. Mimi nilitoka nje. Nilikuwa mtoto, kisha msichana, kisha mwanamke mwenye ndoa yake, na kila mara nilitoka nje.

Watu wa Kasai walipoanza kurudi Kolwezi, mmoja mmoja, bila ngoma wala makelele, Mama Tshimanga alikuja. Aligonga lango akiwa na mkoba mdogo na viatu vya safari. Barua ilimfikia, alisema. Mumewe alifariki mwaka wa kwanza kule. Alikuwa hana nia ya kukaa. Alitaka kuona mahali alipolazwa mtoto. Miguu ya Mama ilikuwa imeshaharibika kwa maradhi, hakuweza kutembea mbali, kwa hiyo nilimpeleka mimi.

Msalaba ulikuwa umeliwa na mchwa zamani. Nilipakumbuka kwa jiwe la mpaka na hatua za kuhesabu. Alipiga magoti, akang'oa nyasi kwa mikono, polepole, hadi pakabaki udongo mwekundu mtupu wa urefu wa mtoto. Hakulia. Aliketi juu ya visigino vyake.

"Alikula?" aliuliza bila kunitazama. "Ile siku ya mwisho. Mama yako aliandika kwamba alikula muzuri siku tatu, njo akamupa bukari."

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limezoea mdomo wangu.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakukula. Ni mi nilikula. Nilikula biskuti yake, nikamudanganya Mama."

Upepo ulipita kwenye nyasi. Kisha akaniuliza, kwa sauti kavu, ya mwanamke anayejaza kadi ya mtoto kliniki:

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Saba."

"Mulikuwa munakula mara ngapi ku siku?"

"Mara moja. Siku ingine bure."

"Na ile siku tatu mama yako alienda, alikuachia weye nini?"

Nilifikiri. Miaka yote hiyo nilikuwa nimehesabu biskuti kumi na mbili, na sikuwahi kujiuliza swali hilo.

"Hakuna. Tata alileta muhogo mangaribi."

Alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. "Basi mulikuwa batoto babili ba njaa mu ile nyumba," alisema. "Mama yako aliona mumoja."

Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kumwomba. Aliinuka, akanishika mkono kwa sababu magoti yalimwuma, na tukarudi nyumbani hivyo, tumeshikana.

Mama alikuwa ameandaa chakula, na alikuwa ameandaa pia maneno yake. Tulipoingia tu alianza, machozi tayari: "Mwalimu, ni mi. Ni ile bukari yangu. Ulisema kidogo kidogo, mi sikusikia." Mama Tshimanga aliketi kwenye kigoda mbele yake. Alinigeukia mimi, akangoja.

Nilisema yote. Kopo, bakuli, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho ya mtoto. Nilisema nikiwa nimesimama katikati ya nyumba kama mwanafunzi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anilaani, na ningekubali. Alifuta uso kwa kiganja, akaangalia chini, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Nilikuona unakonda, Numbi. Nilikuona kila siku. Lakini yeye hakukuwa wangu. Njo maana nilimupa yeye."

Mama Tshimanga aliinama pale kigodani, akavuta kitenge kikamfunika uso, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu afike, akalia.